Picha Inayojibu Mkono: Fani ya Michoro ya Kompyuta na Kijana Anayeichagua



Wajomba zangu kule Arua wakisikia kwamba nilisomea michoro ya kompyuta, huniuliza duka langu liko upande gani wa Nasser Road. Siwalaumu. Kwa mtu wa Uganda, grafiki ni kadi za harusi, kalenda za wagombea ubunge, mabango na stika za bodaboda, na vyote hivyo hutoka Nasser Road. Mjomba mmoja alinipa kazi ya kadi za nikaha ya binti yake. Nikazitengeneza kwa programu nisiyoijua vizuri, na maandishi ya Kiarabu yakatoka yamegeuka, herufi moja moja, kuanzia kushoto. Kadi mia mbili. Hadi leo mjomba anaamini kwamba karo yangu ililiwa.

Mhariri ameniomba nieleze fani hii kwa ndugu na dada walio mwaka wa kwanza na wa pili wa sayansi ya kompyuta, ambao karibu watachagua mradi wa mwisho na hawajui waelekee wapi. Mimi si profesa. Nilimaliza shahada miaka michache iliyopita hapa Kampala, nafanya kazi, na nitaandika ninachokijua pamoja na kile kilichonigharimu.

Tuanze na tofauti moja ambayo wengi huikosa. Wengi wenu mmeona filamu fupi ya katuni ya A Kalabanda Ate My Homework, iliyotengenezwa hapahapa Kampala na studio ya Creatures mwaka 2017. Mwongozaji wake, Raymond Malinga, baadaye aliongoza Herderboy katika mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotoka mwaka 2023. Hiyo ni michoro ya kompyuta, na ni kazi ya kujivunia. Lakini katika filamu mchoraji anajua mapema kila kitakachoonekana. Kompyuta ikitaka kutumia saa nzima kukokotoa picha moja, itumie. Mtazamaji ataiona miezi baadaye. Michoro ninayoisema mimi ni ile inayojibu. Unasogeza kidole, na picha inatakiwa ibadilike sasa hivi, kabla kidole hakijaanza kushuku. Mchezo wa kompyuta ni wa aina hiyo. Ramani ya simu unayoizungusha kutafuta njia ya Kibuli ni ya aina hiyo, na hivyohivyo mashine ya kumfundishia rubani, na programu ya daktari ya kuzungusha picha ya fuvu iliyotoka kwenye mashine ya hospitali.

Hesabu ya muda ndiyo kiini cha fani. Ili jicho lisione kukatika, tunataka picha 60 kwa sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 60, unapata milisekunde 16 na kidogo. Ndani ya muda huo kompyuta inapaswa kusoma mkono wako umefanya nini, kuhamisha kila kitu mahali pake papya, kujua nini kimejificha nyuma ya nini, kupaka rangi na mwanga, kisha kuonyesha. Skrini ya kawaida yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Zidisha kwa 60, na utaona kwamba kila sekunde kuna nukta zaidi ya milioni 124 zinazosubiri kuambiwa rangi yake. Ukichelewa, hakuna wa kukusubiri. Mtumiaji hatasema kwamba programu imezidiwa na hesabu. Atasema simu ni mbovu, au wewe ni mbovu.

Aliyefungua mlango huu ni Ivan Sutherland. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT kule Marekani, alitengeneza programu iliyoitwa Sketchpad kwenye kompyuta ya TX-2, mashine ya ukubwa wa chumba. Wakati huo mtu alizungumza na kompyuta kwa kadi zilizotobolewa au kwa kuandika amri, kisha akasubiri. Sutherland alishika kalamu ya mwanga akachora moja kwa moja kwenye kioo, na mstari ukafuata mkono. Na si kufuata tu: ukichora mistari miwili ovyoovyo ukaiambia mashine iwe sambamba, ilijinyoosha ikawa sambamba. Mwaka 1988 alipewa tuzo ya Turing, ambayo ndiyo tuzo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Kila unaposogeza kitu kwa kidole kwenye simu yako ya Itel, unatumia wazo la kijana yule wa 1963.

Hesabu mnazozikimbia

Nasema hili kwa upole kwa sababu na mimi nilizikimbia. Somo la aljebra ya mstari, la vekta na matriksi, tulilisoma saa nane mchana katika ukumbi wenye joto, na nusu ya darasa tuliona ni adhabu iliyobaki kutoka sekondari. Hakuna aliyetuambia kwamba matriksi ndiyo mkono unaozungusha dunia. Kila kitu unachokiona kwenye mchezo wa kompyuta kimeundwa kwa pembetatu ndogondogo, maelfu kwa mamilioni, na kila kona ya pembetatu ni namba tatu. Ukitaka kugeuza nyumba, unazidisha kila kona kwa matriksi moja. Ukitaka kuitazama kutoka upande mwingine, unazidisha kwa nyingine. Ukitaka kilicho mbali kionekane kidogo, ya tatu. Kadi ya grafiki si muujiza; ni kiwanda cha kuzidisha namba, chenye wafanyakazi wengi wanaofanya kazi ileile kwa wakati mmoja.

Halafu mwanga. Hapa ndipo nilipoipenda fani, kwa hiyo mnivumilie nikikaa kidogo. Chukua bati jipya. Mwishoni mwa Machi, saa sita mchana hapa Kampala, ambako Ikweta iko karibu tu kule Kayabwe, jua liko utosini. Bati lililolala limepokea mwanga wote. Sasa liinamishe. Mwanga uleule unasambaa kwenye eneo kubwa zaidi, na bati linafifia. Kiasi cha kufifia kinatokana na kosine ya pembe iliyo kati ya jua na mstari uliosimama wima juu ya bati. Pembe ikiwa sifuri, kosine ni 1, mwanga kamili. Ikiwa digrii 60, kosine ni 0.5, nusu. Ikifika 90, sifuri. Bati halioni jua. Na kosine hiyo huhitaji kuitafuta kwenye jedwali: ukiwa na vekta mbili zenye urefu wa 1, zidisha namba zao jozi kwa jozi, jumlisha, na jibu ndilo kosine yenyewe. Mazidisho matatu na majumlisho mawili. Kwa hesabu hiyo ndogo kuba la msikiti linaacha kuwa duara la rangi moja na linakuwa kuba.

Kilichobaki, yaani ile nukta nyeupe inayong'aa juu ya kitu laini, tunakidai kwa Bui Tuong Phong, kijana wa Vietnam aliyeandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1973, nchi yake ikiwa bado vitani. Alifariki mwaka 1975, kabla hajafika hata miaka 35. Njia yake ya kukadiria mng'ao bado inafundishwa kwa jina lake katika kila darasa la michoro duniani.

Na kuna Ibn al-Haytham, ambaye katika majarida yetu hutajwa kwa kujisifu kisha huachwa. Mimi nataka tumtaje kwa kazi. Mwanachuoni huyu wa Basra, aliyefia Cairo katika karne ya 11, aliandika Kitab al-Manazir na humo akapinga wale waliosema kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Alionyesha kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Sasa sikiliza jambo la kuchekesha. Ipo njia ya kuchora inayofuata miale ya mwanga, iliyoanza kupendekezwa mwaka 1968 na kukamilishwa vizuri na Turner Whitted mwaka 1980. Ndani yake, miale tunaitoa jichoni! Tunaipeleka kutoka kwenye jicho la mtazamaji, kupitia nukta ya skrini, hadi igonge kitu, na kutoka hapo tunauliza kama kitu kile kinaliona jua. Hatukumkanusha Ibn al-Haytham. Ni kwamba njia ya mwanga ni ileile ukienda na ukirudi, na miale mingi inayotoka kwenye jua haifiki kamwe kwenye jicho lako, kwa hiyo kuifuata yote ni kupoteza muda. Na lile swali lake maarufu, la kutafuta nukta juu ya kioo cha mviringo ambapo mwanga utagonga ili ufike jichoni, bado ni swali la kweli kwa mtu anayechora vioo vilivyopinda.

Msikiti uliolala

Kwa mradi wa mwisho nilichagua Msikiti wa Taifa pale Old Kampala. Nilitaka mtu aliye Arua au Kisangani, ambaye huenda hatafika Kampala, aweze kuingia kwa simu yake, atembee chini ya kuba, apande mnara na autazame mji. Nilikwenda pale mara nyingi baada ya swala ya alasiri, nikapiga picha, nikapima kwa hatua, nikaomba ruhusa ya kurudi tena. Nilichora miezi mitatu. Siku ya kumwonyesha mhadhiri, alibonyeza kitufe cha kwenda mbele, akangoja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Msikiti ukasogea hatua moja. Picha 3 kwa sekunde.

"Kijana," akasema, "msikiti wako umelala."

Nililalamika kwamba laptopu yangu ni ya mtumba na haina kadi ya grafiki. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili na orodha ya mahali pembetatu zangu zilipo. Ilikuwa kazi ya kuchosha kama kuhesabu mchele. Nikakuta kwamba zaidi ya nusu ya pembetatu zote zilikuwa kwenye ngazi za mnara: kila kidato, kila nguzo ya chuma ya kushikilia, vyote nimevichonga kwa upendo. Na kompyuta ilikuwa ikivichora vyote kila mara, hata mtazamaji akiwa nje uani ambako ukuta wa mnara unazificha ngazi zote. Nilikuwa nikitumia nusu ya nguvu ya mashine kuchora kitu ambacho hakuna jicho lingekiona.

Nikaziondoa zisichorwe mpaka mtu aingie mnarani. Kilicho nyuma ya mgongo wa mtazamaji nikakiacha. Kuba lenye pembetatu elfu arobaini nikalitengenezea pacha la mia sita, la kutumika likiwa mbali. Picha zikafika 28 kwa sekunde kwenye laptopu ileile ya mtumba. Sikununua hata nyaya.

Tusidhani kwamba kazi kama hiyo ni mchezo wa mwanafunzi tu. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na wengi wetu tunakumbuka kilio cha mji siku iliyofuata. Mwaka uliotangulia, 2009, shirika la CyArk na wenzake walikuwa wameyapima kwa leza, na jengo likabaki kama wingu la nukta ndani ya kompyuta, kila nukta na mahali pake. Nyumba iliungua, vipimo vikabaki. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umefanya kazi kama hiyo Kilwa Kisiwani, kwenye msikiti mkuu wa kale. Mtu anayeweza kulifanya wingu hilo la nukta liwe jengo ambalo mtoto wa shule anaweza kulitembelea kwa simu ya bei nafuu, huyo ana kazi ya kufanya Afrika Mashariki kwa maisha yake yote. Swali ni nani atamlipa.

Gurudumu

Hapa lazima nijibu kwanza swali ambalo dada mmoja aliniuliza baada ya darsa, kama kuchora viumbe si katika yale yaliyokatazwa. Wanavyuoni wamehitilafiana. Wapo wanaoichukua michoro ya skrini kama picha nyingine zote za viumbe na kuikataza; wapo wanaoitofautisha na sanamu, na katika mambo ya kufundishia watoto hutaja hadithi ya wanasesere wa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Mimi si mufti, muulize sheikh unayemwamini. Ninachoweza kusema kama mtu wa fani ni kwamba sehemu kubwa ya kazi haina kiumbe ndani yake: majengo, ramani, mabomba, milima, mawingu. Kwangu mtihani haukuja kwa mlango huo.

Ulikuja hivi. Baada ya kuhitimu nilikaa miezi sita bila kazi. Kodi ya chumba Kikoni ilikuwa imelala miezi miwili. Kampuni moja ya mjini, jina lake tuliache, ikaona msikiti wangu ikaniita. Walitaka mtu wa michoro inayojibu, hasa anayeweza kuifanya iende laini kwenye simu dhaifu. Milioni mbili na nusu kwa mwezi, na laki sita za kuanzia wakanipa palepale. Kazi: gurudumu la rangi linalozunguka, mtu akibonyeza kitufe.

Nilijua ni kamari. Nisijifanye sikujua. Nilijiambia kwamba mimi sichezi, sipokei dau la mtu, nachora tu.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na mistari michache. Mtu akibonyeza, matokeo yatapatikana kwanza kutoka kwa seva. Gurudumu lizunguke kwa sekunde nne, kisha lisimame pale matokeo yaliposema. Na kama mtu amekosa, mara nyingi lisimame jirani na zawadi kubwa.

Kwa siku nne nilifanya kazi kwa raha, na hili ndilo linalonisumbua zaidi nikikumbuka. Ilikuwa hesabu nzuri. Nilitafuta mkunjo wa mwendo ambao gurudumu linapungua kasi kama chuma kizito kweli, linavuka alama ya ushindi polepole, linasita, linarudi kidogo. Siku ya nne jioni nikampa simu mwenzangu wa chumbani, Swaibu, alijaribu kwa pesa za uongo. Alicheza nusu saa. Kisha akaniita kwa furaha.

"Nimelijua! Ukibonyeza ile rangi ya kijani ikiwa imeshapita juu, linakaribia. Nimekosa padogo tu mara tatu. Angalia."

Akabonyeza kwa uangalifu, kama mtu anayelenga ndege kwa manati. Gurudumu likasimama jirani na zawadi kubwa. "Unaona?"

Niliona. Kitufe hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote isipokuwa kuomba jibu ambalo tayari lilikuwa limeshaamuliwa. Mkono wa Swaibu haukuwa na kazi yoyote mle ndani. Kila alichokiona baada ya kubonyeza kilikuwa ni tamthilia niliyoiandika mimi, na nilikuwa nimeiandika vizuri mpaka rafiki yangu akajiona fundi.

Asubuhi nilimfuata sheikh mmoja ambaye huwa tunasoma kwake. Nikamweleza, nikarudia maneno yangu kwamba nachora tu. Nilitegemea atanisomea aya ya maysir katika Suratul Maida, ambayo ninaijua. Hakunisomea. Aliuliza, "Gurudumu likisimama pale jirani na zawadi, nani amelisimamisha?"

Nikasema, "Mimi, sheikh."

"Basi usiseme unachora tu."

Nilirudisha kazi. Laki sita sikuwa nazo zote, laki mbili zilikuwa zimeshakwenda kwa mwenye nyumba. Nikazilipa kwa miezi mitatu kutokana na kufundisha wanafunzi wa sekondari hesabu. Baba alipojua kiasi nilichokataa alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nimekula. Sitaki mdhani kwamba kukataa kwangu kulizuia lolote. Mtu mwingine alichukua nafasi. Gurudumu lile linazunguka leo kwenye simu za vijana pale Wandegeya, nimeliona kwa macho yangu, na huyo aliyelimaliza ameweka hata sauti ya chuma inayosagika. Ni fundi kuliko mimi.

Sasa hivi nachora mabomba ya maji. Ni programu ambayo mhandisi anaishika mkononi barabarani na kuona, kwa kadiri vipimo vinavyoruhusu, bomba lipo wapi chini ya lami kabla hajachimba. Mshahara haufiki nusu ya ule. Lakini bomba nikilichora vibaya, mtu atachimba atakuta udongo, na atanipigia simu. Picha yangu inaweza kukamatwa ikisema uongo. Nimegundua kwamba nalala vizuri na kazi ya namna hiyo.

Aliyetoka kambini

Kuna kijana mmoja ambaye nataka kila anayesema hana kompyuta nzuri amjue. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, na njiani familia ilipoteza mabinti wawili. Walifika kaskazini mwa Uganda, na alikulia katika kambi ya wakimbizi huko kwa zaidi ya miaka ishirini. Kompyuta aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2007, mbele ya watu waliokuwa wakiandikisha wakimbizi. Akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama alikuwa akishona nguo. Alitunza pesa miaka mitatu bila kumwambia, hadi zikatimia dola 300, akamnunulia laptopu.

Kambini hakukuwa na umeme. Mayen alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuchaji, kisha akarudi. Ndugu zangu, fikirieni maana yake kwa mtu wa programu: betri ya saa chache ndiyo siku yako nzima ya kazi. Hujaribu ovyo. Unafikiri kwanza njiani, ukifika unaandika. Alijifundisha kuchora na kuandika programu, akatengeneza mchezo akauita Salaam, kwa maana hiyohiyo mnayoijua, akawagawia vijana wenzake kambini wauhamishe kutoka simu hadi simu. Baadaye alikwenda Washington, akawa anaendesha studio yake ya Junub Games, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za The Game Awards.

Salaam mpya aliyoiunda huko ni ya mtu anayekimbia vita. Mchezaji anakimbia, anahitaji maji, chakula na dawa, na nguvu zikiisha anakufa. Mpango wa Mayen ni kwamba mchezaji akilipia maji au chakula ndani ya mchezo, fedha ile iende kununua maji au chakula cha kweli kwa watu walio kambini. Nilipousoma mpango huo nilikuwa nimetoka kurudisha lile gurudumu, na nililazimika kuweka simu chini. Ni kitufe kilekile. Kidole kinabonyeza, picha inajibu ndani ya milisekunde 16. Lakini hapa upande wa pili wa kitufe kuna mtu anayekunywa maji.

Pa kuanzia

Usinunue kompyuta kwanza. Kaa na somo la vekta na matriksi mpaka uweze kuzungusha nukta kwa karatasi na kalamu. Kisha fungua kivinjari cha intaneti cha simu au cha kompyuta yoyote. Ndani yake kuna uwezo wa kuchora kwa kadi ya grafiki, unaitwa WebGL, na huhitaji kulipia chochote. Ukitaka programu kubwa ya kujengea michezo, Godot ni ya bure, na ya kuchongea maumbo, Blender, nayo ni ya bure. Pakua usiku bando ikiwa nafuu. Usianze na mchezo mkubwa wenye mji mzima. Nimewaona wengi walioanza na mji na hawakumaliza hata geti. Na ukiandika Kiarabu kwenye skrini, hakikisha herufi zimeungana na zinatoka kulia, kabla ya kadi mia mbili.

Kwa walio tayari, kazi ni hii. Chora pembetatu moja. Ifanye ifuate kidole. Ipe mwanga kwa ile kosine, ili ikigeuka ifife na ikirudi ing'ae. Pima imetumia milisekunde ngapi, uandike namba hiyo. Jumamosi baada ya swala ya alasiri huwa nakuwa msikitini hapa chuoni, upande wa viatu, nikiwa na ile laptopu ya mtumba. Njoo na pembetatu yako tuijaribu kwenye mashine dhaifu kuliko yako.